Niliyemfundisha Kufungua Dripu

Mimi ni nesi, na nina mdomo. Ukiwauliza watu waliowahi kulaza mtoto wodini kwetu, wengi hawataikumbuka sura yangu ila watakumbuka nilichowaambia. Sikatai. Nimelelewa na mama ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini, na wodi ya watoto nayo haina nafasi ya kubembelezana. Kitanda kimoja wanalala watoto wawili, kichwa na miguu. Vumbi la Dodoma linaingia hata madirisha yakifungwa. Manesi tuko wawili, na siku mwenzangu akiumwa niko peke yangu. Kwa hiyo kazi tunagawana na ndugu wa wagonjwa. Ndugu ndiye anayelisha, anayeosha, anayefua, anayekimbia maabara na kichupa cha damu mkononi. Mtu akija kulazwa bila ndugu tunamshangaa.

Mimi niliongeza langu moja. Niliwafundisha kushika dripu.

Wewe usiyeijua kazi hii, dripu ni chupa ya maji inayoning'inia, na mrija unaoteremka mpaka kwenye sindano mkononi mwa mgonjwa. Katikati ya mrija pana kigurudumu kidogo. Ukikisukuma juu maji yanakwenda mbio, ukikishusha yanapungua. Sasa dripu za watoto zinasimama ovyo, na kila ikisimama mama mtu anakuja mbio anapiga kelele utadhani nyumba inaungua. Nikachoka. Nikawa nikimaliza kuweka dripu ninamshika ndugu bega na kumwambia, "Unaona hiki? Matone yakisimama, usinikimbilie. Kisukume juu taratibu mpaka uone yanadondoka tena. Umeelewa?" Wote walikuwa wanaelewa. Nani atamwambia nesi mkali kwamba hajaelewa?

Jambo hilo lilinipa sifa, jamani. Inchaji wetu, yaani mkuu wa wodi, mama mmoja mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alikuwa akiniona anacheka, anasema, "Huyu ataniachia wodi inayojiendesha." Na wenzangu wakaanza kufanya hivyo hivyo. Chuoni tulikuwa na mwalimu wa sheria na maadili ambaye kila kipindi alirudia kwamba kazi unaweza kumwachia mtu, lakini dhamana yake unabaki nayo wewe. Tulikuwa tunasinzia. Kipindi chake kilikuwa baada ya chakula cha mchana, na mimi niliona yule baba hajawahi kuingia wodi yenye watu.

Mwaka jana, wakati wa mvua, alikuja mwanamke mmoja kijana kutoka upande wa Kondoa, Mrangi, amejitanda mtandio wake vizuri, mgongoni ana mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema maneno. Malaria ilikuwa imemkausha damu mtoto yule mpaka viganja vimekuwa vyeupe. Nilipomuuliza yeye ni nani kwa mtoto, akasema, "Mama yake mdogo." Nikadhani ni dada wa mama. Akaona nimekosea, akarekebisha kwa aibu kidogo: yeye ni mke mwenza. Mama mtoto alikuwa amejifungua mwingine, bado yuko ndani, hajatoka arobaini. Baba alikuwa safarini na mizigo. Basi bi mdogo ndiye aliyembeba.

Nilimpenda. Niseme ukweli, nilimpenda kwa sababu alikuwa kimya. Hakuuliza uliza. Mtoto alikuwa hamwachii. Akimweka kitandani analia, akimpakata ananyamaza na kushika ule mtandio. Ukiwatazama hungejua kwamba si wa kwake.

Daktari alisema mtoto atawekewa damu, na wakati damu inatafutwa apate maji, lakini kidogo sana na polepole, maana damu ikiwa pungufu moyo unakuwa umechoka, na maji mengi kwa mpigo yanaweza kumzamisha. Vile vikopo vya kupimia maji ya dripu ya watoto, ambavyo vinazuia yasiingie mengi, vilikuwa vimeisha. Nikaning'iniza chupa nzima ya mtu mzima. Nikahesabu matone, nikayaweka polepole kama alivyotaka daktari. Halafu nikamshika yule bi mdogo bega na kumpa somo langu.

Haikupita muda akaja. Alisimama mlangoni mwa chumba cha manesi, akasema kwa sauti ya chini kwamba matone yamesimama. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa. Nikamjibu mbele ya mwenzangu na mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni ya dawa: "Wee! Si nilikuonyesha? Dripu kusimama tu ndiyo unifuate huku? Mimi nina miguu miwili tu, mama!" Akina mama wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa kuona haya, akasema, "Samahani, sista," akarudi.

Kuna jambo sikuwa nimemwambia. Dripu ya mtoto ikisimama, mara nyingi kigurudumu hakina kosa lolote. Ni mkono. Mtoto amekunja mkono na mrija umebanwa pale kwenye sindano. Ukisukuma kigurudumu wakati mkono umekunjwa, maji yatapenya kidogo, utaona matone yamerudi, utafurahi. Mtoto akiunyoosha mkono baadaye, njia imefunguka yote na maji yanaingia kama bomba. Kila nesi anajua hilo. Mimi nalijua nikiwa nimefumba macho. Kwanza angalia mkono. Maneno matatu, na sikuyasema, si kwake tu, sikuyasema kwa yeyote kati ya wote niliowafundisha. Nilikuwa nafundisha ili nisisumbuliwe, kwa hiyo nilifundisha kile kinachonipunguzia usumbufu.

Na usidhani wakati huo nilikuwa naokoa mtoto mwingine. Ningependa iwe hivyo. Nilikuwa nakula. Tulikuwa na ugali na mlenda, mwenzangu anasimulia harusi fulani ya Miyuji ambako bwana harusi alichelewa mpaka mashehe wakaanza kuaga, nami nacheka mpaka machozi. Yule bi mdogo hakuja tena. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba hatakiwi kuja.

Nilipopita baadaye chupa ilikuwa imeisha. Mtoto alikuwa anapumua kwa tumbo, puani povu. Yeye amempakata wima, anampepea kwa upindo wa mtandio, ananitazama. Nikapiga kelele, daktari akaja, inchaji akaja, tukaweka oksijeni, tukachoma dawa ya kutoa maji, tukafanya yote. Jua lilikuwa bado liko juu alipokata roho.

Inchaji akaishika ile chupa tupu, akauliza, "Nani alifungua hii?"

"Mimi," akasema bi mdogo.

Neno hilo tu. Halafu akanigeukia. Hakuninyooshea kidole, wala hakusema kwamba nesi ndiye aliyemwonyesha. Alinitazama tu, akisubiri nimalizie, maana kwake ilikuwa wazi kwamba aliyefundisha ndiye atakayeeleza. Na mimi nikafungua huu mdomo wangu, huu ambao haujawahi kushindwa, nikasema, "Ndiyo hivyo, ndugu wa wagonjwa wanashikashika vitu."

Mungu wangu. Mpaka leo nikiikumbuka sentensi ile nasikia joto usoni. Haikuwa hata uongo mzuri. Wodi nzima ilikuwa inajua kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kushikashika. Inchaji alikuwa anajua. Mwenzangu niliyekuwa nacheka naye alikuwa anajua. Wote waliinamisha macho, na mimi nikaona kumbe nimelindwa.

Baba mtoto alifika na dada yake mkubwa. Baba alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Dada mtu ndiye aliyeuliza, na akajibiwa kama nilivyojibu. Ndugu alifungua maji, yakaingia mengi. "Ndugu gani?" akauliza. Akaonyeshwa. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona uso wa yule wifi unavyobadilika. Akasema polepole, "Mke mwenza." Hakuhitaji kuongeza. Mke mwenza amebaki na mtoto wa mwenzie, mtoto wa kiume, na mtoto amekufa mkononi mwake, na mwenyewe amekubali kwamba alifungua. Mtu yeyote wa huku angemaliza hesabu hiyo peke yake.

Kamati ya hospitali ilituita. Nikasema yale yale kwa lugha ya ofisini: ndugu aliingilia kifaa bila idhini. Daktari naye akasema hali ya mtoto ilikuwa mbaya tangu alipofika, na huenda hata bila maji yale asingepona. Lile "huenda" nililikumbatia, nikalala nalo, nikaamka nalo. Niliporudi kwangu Nzuguni nilikuwa najiambia huenda, huenda, nikikoroga uji wa watoto wangu. Wakaishia kusema wodi iweke tangazo ukutani: ndugu hawaruhusiwi kugusa dripu. Tukalibandika. Nililibandika mimi mwenyewe kwa gundi.

Nilimwambia inchaji peke yake. Nilimfuata ofisini kwake, nikafunga mlango, nikasema, "Mama, yule binti nilimwonyesha mimi." Akavua miwani. Akasema anajua. Akasema, "Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Una watoto. Wakishika leseni yako utakula nini? Na mtoto hatarudi." Nilimshukuru. Nilitoka pale nimepona, wallahi, kama mtu aliyefunguliwa jipu. Ama kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna hata mmoja wetu mle ofisini aliyemtaja yule binti kwamba naye atakula nini.

Habari zake zilinifikia zenyewe. Mwanamke mmoja alilaza mjukuu, akawa anaongea na jirani yake wa kitanda, na mimi nabadilisha dawa hapo hapo. Akasema yeye anatoka kijiji kimoja na yule aliyemmaliza mtoto wa mwenzie hapa hapa hospitalini. "Kapewa talaka zote tatu," akasema. "Sasa yuko kwa kaka yake Haneti. Nani atamwoa tena? Hata mtoto wa kumpakata hapewi." Jirani akasikitika, akasema wivu ni shetani. Nami nikasema, "Nyanyueni mkono wa mtoto, mama, msiukunje." Sauti yangu ilinitoka kwa ukali mpaka wakanyamaza wote wawili.

Hapo ndipo nikashindwa. Sitaki kujisifu kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nilianza kukosea vitu vidogo, nikimwona mama yeyote aliyejitanda mtandio moyo unanidunda. Mwisho nikaenda mwenyewe, nikaomba niitwe tena na kamati. Mara hii kesi haikuishia hospitalini, ilipanda mpaka kwa wale wanaotupa leseni. Nikakaa mbele yao, nikaeleza kila kitu: somo langu, ukali wangu, ugali wangu.

Mwenyekiti alikuwa baba mpole. Upole wake ndio ulioniumiza. Akaniuliza, "Sista, angekuwa nesi mwanafunzi, ungemwachia dripu ile peke yake?"

"Hapana, mzee. Mwanafunzi ningesimama naye."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hajui."

"Na huyu mama alijua?"

Akasubiri. Akaandika kitu. Akasema sheria haimuulizi ndugu wa mgonjwa kwa nini hakujua, inamuuliza anayejua kwa nini alimwachia asiyejua. Hayo ndiyo yalikuwa yale ya mwalimu wetu wa baada ya chakula, na mimi nimeyaelewa nikiwa na mvi. Waliisimamisha leseni yangu kwa muda. Haikufutwa, imesimamishwa tu. Watu walikuja kunipa pole nyumbani, wengine na sukari, wengine na mchele, kama nimefiwa mimi. Na mimi nilizipokea. Nikajisikia mwepesi, nikalala usingizi mzito, nikaamka nikiona haya kwamba nimelala.

Nikasema sasa niende Haneti. Niliona hapo ndipo nitakapomaliza. Nilikuwa nimeshapanga maneno: nitamwambia hakufanya kosa, kosa ni langu, wakubwa wamesema hivyo kwa kauli yao, na niko tayari kwenda mpaka Kondoa, nisimame mbele ya aliyekuwa mumewe na mbele ya wifi yake niseme kwa huu mdomo wangu. Nilijiona nambebea zawadi.

Nilimkuta uani kwa kaka yake anapiga alizeti kwa fimbo, amekonda, kichwani kafunga kanga iliyochujuka. Akanitambua mara moja. Akaweka fimbo chini, akafuta mikono, akasema, "Shikamoo, sista."

"Marahaba," nikaitika. Ulimi umezoea. Ilinitoka kabla sijajua ninapokea nini kutoka kwa nani.

Akanipa kigoda, yeye akakaa kwenye gunia. Nikayasema yote. Nilimwambia kuhusu mkono, kwamba nilipaswa kumwambia aangalie mkono kwanza na sikumwambia. Nilimwambia alifanya kile kile nilichomfundisha, hakuzidisha wala hakupunguza, na alipokuja kuniuliza nilimfukuza. Nilimwambia aliponitazama siku ile nilijua kwamba kosa ni langu, na nikanyamaza kwa kuogopa kazi yangu. Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa anachambua punje za alizeti kiganjani, anapuliza makapi.

Nilipomaliza nikasema, "Nipe ruhusa niende kwa mumeo na kwa mwenzio, niwaambie."

"Utawaambia nini, sista?"

"Kwamba hukufanya kwa wivu. Kwamba ni mimi."

Akayapuliza makapi ya mwisho. Halafu akaanza kusema, taratibu, Kiswahili chake cha adabu. Akasema baada ya msiba walimuuliza wote. Wifi yake alimwambia, sema tu, mdogo wangu, ukweli unaponya, Mungu ni mwingi wa rehema. Walimwambia hivyo kila siku. Naye akaanza kujiuliza. Akakumbuka kwamba asubuhi ile ya kumpeleka mtoto alikuwa amekasirika, kwa kuwa alikuwa na kazi zake, na hakupenda kuagizwa. Akakumbuka kwamba yeye hajajaliwa mtoto na mwenzie amepata wa pili. Akawaza, mkono wangu ulisukuma kile kitu kwa nia gani?

"Nikaenda kwa mwenzangu," akasema. "Nikampigia magoti. Nikamwambia ni kweli, nilikuwa na wivu, nisamehe. Akanisamehe, sista. Tulilia pamoja mpaka tukashindwa kusimama. Kuachwa niliachwa, lakini yeye alinisamehe, na mpaka leo akipata mtu wa kuja huku ananitumia salamu. Sasa wewe ukamwambie kwamba alinisamehe nini?"

"Lakini hukutaka, mdogo wangu," nikasema. "Mimi nilikuwepo. Najua hukutaka."

"Wewe unajua," akasema. "Mimi sijui tena."

Nikarudia. Nikaeleza upya habari ya mkono na mrija, nikaeleza walichosema wakubwa, nikamwapia kwa Mungu. Alinisikiliza kwa adabu zote, hakunikatiza hata mara moja, na hakuniamini.